Mrejesho: filta ya petroli nimebadilisha mwenyewe

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu gari kukosa nguvu kwenye mlima. Mliniambia nibadilishe filta ya petroli (kichujio cha mafuta), nimefanya kama mlivyosema, nikachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, nikawasha injini mpaka ikazima yenyewe ili presha iishe, nikatoa waya wa negativu wa betri, ila bado petroli kidogo ilinimwagikia kwapani, inawasha balaa! Klipu moja ya filta ilivunjika maana plastiki imeshazeeka, ikabidi nitafute nyingine. Mshale ulioko kwenye filta mpya nimeuelekeza upande wa injini. Nikarudisha fyuzi na waya wa betri, na kabla ya kupiga stata nikafungua swichi mara tatu hivi pampu ijaze petroli kwenye laini, nikacheki hamna panapovuja. Filta ya zamani nilipoipuliza ilikuwa ngumu kweli, ikatema maji meusi. Mlima sasa linapanda freshi. Asanteni sana.