Tupeane uzoefu: Kutoka uwanja wa ndege Mwanza hadi hotelini, daladala au gari la kuita kwa simu?

Mwana_Ilemela:
Mwangaluka wakuu. Wadogo zangu wanakuja kutoka Dar kwa ndege ya jioni, mara yao ya kwanza Mwanza. Kila ninayemuuliza ananijibu bei tu, eti daladala rahisi, gari la mtandaoni ghali. Hilo linajulikana. Nataka yaliyowakuta nyie wenyewe mpaka mlango wa hoteli.

Naanza mimi. Uwanja uko Ilemela, kama kilomita 10 kaskazini mwa mji, na njia ya kuingia mjini ni ile ile: Sabasaba, Pasiansi, Kona ya Bwiru, Kirumba, Furahisha. Nikifikia hoteli ya Kirumba napanda daladala bila kujiuliza, maana nashuka kando ya barabara na kutembea kidogo tu. Nikifikia Isamilo, kule mlimani, natafuta gari. Kwangu mimi kinachoamua ni hoteli iko wapi, pesa inafuata baadaye.

MamaNuru:
Kaka, mimi nilishuka usiku na watoto, mmoja kalala begani. Nikaita gari kwenye programu. Dereva akanipigia: "Mama unaelekea wapi? Unalipa keshi?" Nilipomtajia Capri Point, ng'ambo ya mji, akasema bei ya kwenye simu haimlipi, niongeze. Nikakataa, akakata simu. Safari ikabaki inasoma "dereva anakuja" na gari halisogei, mpaka nikaifuta mwenyewe. Wa pili naye wimbo ule ule. Mwishowe nikapatana na teksi ya pale pale uwanjani. Alitaja bei ya juu, nikamwambia naijua njia, akapunguza. Alitufikisha salama, akambeba mtoto hadi mapokezi. Namshukuru mpaka leo.

Dereva_Rock_City:
Pole sana dada. Naendesha gari la mtandaoni hapa mjini, ngoja niseme upande wetu. Programu inakata kamisheni, mafuta ni yangu, na kutoka mjini kumfuata abiria Eapoti naenda mtupu kilomita zote hizo. Ndiyo maana wengi wanapiga simu kwanza. Lakini kumwacha mama na watoto usiku si haki, hilo silitetei. Abiria nao watusaidie kitu kimoja: ukishaita, taja alama ya karibu na hoteli. Huku kwenye vilima ramani inaweza kukuonyesha nyumba iko jirani kumbe katikati kuna jabali, na barabara inazunguka upande wa pili. Na kabla hujapanda, soma namba ya gari ilingane na ya kwenye simu.

Begi_Moja:
Mimi ni mtu wa daladala. Nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo hakuna cha kupatana. Mchana, begi la mgongoni, safari inakuwa nzuri kabisa, unaingia mji ukiwa na wenyeji. Ila nilipokuja na begi kubwa la magurudumu, konda alilitazama kwanza lile begi ndipo akanitazama mimi. Likawekwa mbele juu ya boneti, nikalipia mzigo. Tulipofika Pasiansi gari limejaa, wanafunzi wamesimama, na mama mmoja ana ndoo ya dagaa amebana miguuni pangu. Kushuka Furahisha ilibidi begi lipitishwe dirishani. Waungwana walinisaidia, ila nguo zilinukia dagaa safari nzima.

Binti_Isamilo:
Kuna njia ya katikati ambayo hamjaisema. Napanda daladala mpaka Furahisha, pale nachukua bajaji inanipandisha Isamilo. Bajaji inafika mpaka getini. Patana kabla hujakaa, na mwambie wazi kuwa unapanda mlimani, asije akakubadilikia njiani. Usiku sifanyi hivyo, na mvua ikinyesha pia hapana.

Mwana_Ilemela:
Asanteni sana, na dada MamaNuru pole. Wangu wanafikia Capri Point, ng'ambo ya mji kabisa, na ndege inatua giza likiingia. Daladala nimeiondoa. Dereva_Rock_City, wakiagiza gari la hoteli liwafuate, huwa wanalipia hapo hapo au linaingia kwenye bili ya chumba?

Dereva_Rock_City:
Inategemea hoteli, mkuu. Wapigie leo, uliza bei kabisa, na waachie namba ya ndege ili ikichelewa dereva asiondoke.