Mutu akishakufa anabakiaka fasi? Siulizi ya kanisani, nauliza yako mwenyewe

mwana_katindo, saa 22:41

Wandugu habari za usiku. Niko na swali, itakuwa ndefu kidogo munisamehe.

Papa alituacha mwezi wa tatu. Matanga tulifanyia hapa nyumbani, kartie ya Katindo, Goma, turubai, viti vya kukodi, bamama na masufuria yao, yote ilienda muzuri, tulimuzika na watu wakarudi kwao. Sasa koti yake moja ya kahawia, ile ya kuendea misa, mupaka leo inaninginia ku musumari nyuma ya mulango na hakuna mwenye kuigusa. Koko, muzee wetu wa nyumbani, anasema ikae mupaka mwaka uishe. Mama anasema tumupe maskini. Mimi nilikuwa napita tu mbele yake kama vile siioni.

Wiki iliyopita nikamuota. Amekaa pale inje ku kiti ya plastiki, hasalimie, hacheke, ananiambia tu "letea miye koti yangu, iko na kitu mufukoni". Nikaamuka saa tisa, jasho tupu, umeme hakuna, nikawasha taa ya telefone nikaenda ku ile mulango. Wandugu sidanganyi, mikono ilikuwa inatetemeka. Mufuko ya ndani nikakuta risiti imekunjwa mara ine: avansi (malipo ya kwanza) ya mabati, depo moja ya kule Birere, fasi ya biashara hapa Goma, sahihi yake chini. Tarehe imefutika na jasho sijui na mvua.

Mimi nasali kwa kanisa ya uamsho, papa alikuwa mukatoliki. Pasta wetu nikamuambia, akasema ile ni pepo imevaa sura ya papa yako, choma koti. Koko nikamuambia, hakusema kitu, akachukua kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi, akamwaga pembeni ya mulango na kuita jina yake mara mbili. Padiri sijamuambia, naogopa atanipa jibu ya tatu.

Njo nauliza: weye unaamini nini? Siyo ile ulijibu ku katekisimu upate batizo. Ile unaaminiaka saa tisa ya usiku umeme ikiwa haiko.

MamaFuraha_Ndosho, saa 22:58

Pole sana mwanangu, Mungu akutie nguvu weye na mama yako.

Mimi nikuambie yangu. Mama yetu tulimuzika mbele ya 2002. Unajua kuchimba kaburi hapa Goma, siyo jembe, ni baramini, ile chuma ndefu ya kuvunjia, juu ya jiwe ya volkano, asubuhi yote unasikia ngaa, ngaa, ngaa, vijana wanabadilishana, na shimo haifiki hata magoti. Ile sauti ningali nayo kichwani. Kisha tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 volkano ya Nyiragongo ikashuka, ikapita katikati ya muji, ikaenda mupaka ndani ya ziwa, katedrali ikaenda, nyumba zetu zikaenda, na kaburi ya mama ikafunikwa. Kwa hiyo mutu tulimuchimbia jiwe, jiwe ikarudi ikamufunika mara ya pili. Leo pale juu kuko nyumba ya mbao ya watu wengine, na pale tunafikiri ni fasi ya kichwa yake kuko jikoni ya mama mumoja muzuri sana, ananiachaka niingie tarehe 2 ya mwezi wa kumi na moja niwashe mushumaa pembeni ya mbabula yake, ile jiko ya makala.

Mwanzoni nililia sana, nikisema sasa atatusikia wapi. Kisha nikaanza kumuongelesha fasi yote, ku soko, ndani ya taksi, nikiwa napika. Ananisikia. Uniulize najua namna gani, sijui, lakini kama angekuwa mifupa tu ile volkano ingekuwa imemumaliza, na mimi sioni kama amekwisha.

Usichome koti.

infirmie_wa_zamu, saa 23:20

Kaka pole. Miye nitakuwa mubaya wa hii majadiliano, munivumilie.

Niko infirmie kwa urjansi, pale wanapokelea wagonjwa wa haraka, mwaka wa 9 sasa. Watu wamekufia mikononi mwangu sijui tena hesabu. Sijaonaka kitu inatoka. Naona pumzi inakuwa ya mbali mbali, midomo inabadilika rangi, kisha kimya, na famiye inaanza kulia kule ku koridore mbele hata sijatoka kuwaambia. Ni ile tu.

Wale wanarudi na kusema "niliona mwangaza, niliona koko ananiita" wako, na siyo waongo. Daktari mumoja, Sam Parnia, alitoa utafiti 2014, wagonjwa 2,060 wenye moyo ilisimama, ku lopitali za Uingereza, Marekani na Austria. Walipona kidogo, walioweza kuongea nao ni 140. Na ile akili nilipenda: waliweka picha juu ya etajere (rafu) karibu na plafo (dari), ili kama roho inapanda kweli juu ya kitanda basi iione ile picha irudi iseme. Hakuna hata mumoja aliyeitaja. Na 2023 timu ya Jimo Borjigin kule Michigan walipima ubongo wa wagonjwa 4 wakati mashine ya kupumua imetolewa, kwa 2 ubongo ukawaka nguvu mbele ya kuzima. Mimi naona ni ile. Taa ya petroli inaruka ikiwa mafuta inaisha.

Na ndoto yako: weye uliishi na papa yako, siku moja ulisikia anaongea juu ya mabati, ukasahau, kichwa haikusahau. Nilikulia upande wa Bulengo, tuko na mazuku kule. Wazee walisema ni upepo ya mizimu, inapita usiku inachukua watu. Kumbe ni gazi karboniki, nzito kuliko hewa, inalala ndani ya mashimo upepo ikiwa haiko, njo maana mbuzi na mutoto wanaanguka na mukubwa mwenye kusimama anaweza kupita salama. Tuliogopa mizimu miaka mingi na ilikuwa gazi.

Lakini kwa sababu umeuliza ya saa tisa usiku nitasema na hii. Kila mutu akikufa kwa zamu yangu, mbele ya kumufunika shuka namuambia: papa, nakufunika sasa. Au: mama, nakufunika. Nasema kwa sauti. Sijui naambia nani.

MamaFuraha_Ndosho, saa 23:27

Mutoto wangu ile gazi inaeleza namna walikufa. Haielezi walienda wapi.

mwl_elimu_bora, saa 23:49

Ndugu mwana Katindo, pole kwa msiba. Naomba nichangie kwa upande wa Maandiko maana hapa naona kila mtu anajisemea ya moyo wake. Someni Mhubiri 9:5. Wafu hawajui lolote. Mtu akifa analala, hana habari, hana deni, hana koti, mpaka ufufuo. Hivyo aliyekuja ndotoni si baba yako, na wala si lazima awe pepo kama alivyosema mchungaji wako, ndoto nyingine ni ndoto tu.

Najua mtaniletea yule mwizi msalabani, Luka 23:43, kwamba siku ile ile aliahidiwa peponi. Lakini maandishi ya zamani ya Kigiriki hayakuwa na alama za mkato kama tulizo nazo, kwa hiyo ukiweka mkato baada ya "leo" maana inageuka: nakuambia leo, utakuwa nami. Ahadi ni ya leo, safari ni ya baadaye.

infirmie_wa_zamu, saa 23:53

Mwalimu, kwa hiyo mbingu yote inategemea virgule moja? 😂

mwl_elimu_bora, saa 23:58

Ndugu yangu, wewe dozi ya mgonjwa wako haitegemei virgule?

mushi_wa_Kabare, saa 0:16

Hahaha mwalimu amekushika pale.

Miye niko Bukavu, nawasoma tu toka mbele. Nyie watu ya Goma munaniletea gazi na virgule na munasahau mulima yenu. Koko wangu aliniachia hii hadithi, naye alikuwa mutu wa Lyangombe, ile dini ya mizimu ya wazee, kule Bushi (inchi ya Bashi) hata Rwanda wako nayo. Lyangombe aliuawa na mbogo ku uwindaji, akafia chini ya ule muti wenye maua mekundu. Akasema wale wameingia ndani ya mambo yangu, wakikufa watakuja kwangu ku mulima Karisimbi, kule watakunywa pombe na kuvuta tumbaku bila shida. Wale wamekataa, wataenda ndani ya moto ya Nyiragongo. Sasa angalia: Karisimbi ni mita 4,507, asubuhi zingine inaamuka mweupe juu ya barafu, baridi, kimya. Na jirani yake Nyiragongo inawaka mwekundu usiku yote. Wazee hawakuhitaji kuchora mbingu na jehanamu, walionyesha na kidole.

Wamisionari walipofika wakasema ile ni shetani, koko akabatizwa, jina yake Paulo, misa kila juma. Lakini siku ya kufa alinikamata mukono akaniuliza, unafikiri Karisimbi bado watanipokea nikiwa na jina ya Paulo? Nilikuwa na miaka 14, nikamuambia ndiyo koko watakupokea. Mupaka leo sijui kama nilidanganya.

Kwa hiyo yangu ni hii: mutu anaenda kule alikuwa anaangalia. Nimeshindwa kuieleza vizuri, ni usiku.

abu_salim_birere, saa 5:12

Assalam aleykum. Nimesoma baada ya Alfajiri, nyote mko na usingizi mzito sasa.

Kwetu mambo hii haina ubishi mkubwa. Mutu akikufa anaingia barzakh, ni kizuizi kati ya hii dunia na siku ya kufufuliwa, iko ndani ya Qurani 23:100. Anaulizwa na Munkar na Nakir, kisha anangoja. Roho yenyewe ni kitu gani, hapo tunanyamaza, Mungu amesema tumepewa elimu kidogo tu, na mimi nashukuru kwa kidogo ile, inanipunguzia kelele ya kichwa.

Lakini kijana mbona hakuna hata mumoja amekuambia juu ya risiti? Kila mutu amekimbilia mbinguni. Sisi tumefundishwa kwamba nafsi ya muumini inabakia imefungwa na deni yake mupaka ilipwe. Na kama yeye anadai watu, ile ni haki ya warithi, ni yenu. Mimi niko na duka hapa Birere, najua namna ya hizi depo, mutu akiacha avansi na hakurudi wanakaa kimya. Usichome koti, usimwage pombe, chukua risiti uende asubuhi mbele hawajapata watu wengi. Enda na mutu muzima, siyo weye peke yako.

mwana_katindo, saa 14:35

Asanteni wote. Mama Furaha nimesoma yako nikiwa na mama pembeni, amelia, kisha akacheka juu ya ile mbabula.

Nimetoka Birere. Nilienda na baba mudogo. Depo tuliikuta, muzee wa pale alimukumbuka papa mara moja, akasema "yule wa kuuliza bei mara tano?", nikajua ni yeye. Akafungua kaye (daftari) yake kubwa, akatembeza kidole mustari kwa mustari. Wandugu, papa alishamaliza kulipa na alishachukua mabati yake yote, mwaka jana mwezi wa nane. Nimerudi nyumbani nikaangalia juu: njo zile ziko ku jikoni yetu. Mimi mwenyewe nilishikilia ngazi siku anapigilia misumari.

infirmie_wa_zamu, saa 14:41

SI NILISEMA. Ulijua. Kichwa haisahau.

mwana_katindo, saa 14:44

Sawa. Lakini kwa nini basi anitume?

MamaFuraha_Ndosho, saa 15:02

Soma tena ndoto yako. Alisema "letea miye koti". Muzee alikuwa na baridi.