Mchanga wa mtoni: bei kamili analipa nani?

Wakuu, kila tukigusa mazingira kuna hoja haikosi: Wazungu walifyeka misitu yao na kuchafua mito yao mpaka wakatajirika, sisi ndio kwanza tunaanza kujenga tunaambiwa tupunguze mwendo. Siibezi. Ila niilete hapa Dar, kwenye lori la mchanga.

Mimi nimejenga. Tofali zangu zote zimefyatuliwa kwa mchanga wa mtoni, kwa sababu fundi aligoma kugusa mwingine. Wa baharini una chumvi, unakula nondo. Wa shimoni ulikuwa na udongo mwingi. (Hata wa jangwani haufai, upepo umeuviringisha mno, haushikani vizuri na saruji.) Basi malori yanashuka Mpiji, Tegeta, Mbezi, na vijana wenye machepe wanasimama majini tangu alfajiri. Sikuuliza mchanga wangu unatoka kona gani ya mto. Niliuliza bei ya tripu.

Hesabu nyingine anayo anayeishi kandokando. Ukichota mchanga unaacha shimo. Masika maji yakifika hapo yanaporomoka kwa kasi, yanaanza kuchimba sakafu ya mto kurudi juu, kingo zinakosa pa kuegemea na kumeguka. Ndiyo maana unamkuta mtu hajauza hata ndoo moja, lakini choo chake kinaning'inia korongoni na ufa umeshafika sebuleni. Mchanga tunaousifu kwa urahisi wake, sehemu ya bei amelipa yeye. Tumekopa kwa jina lake na hatukumwambia.

Wa kupiga marufuku nao siwaelewi. Ukifunga mto mchana, lori linakuja usiku, na dereva anakuongezea "ya njiani". Tofali zinafyatuliwa vilevile.

Makueni, Kenya, walitunga sheria yao ya mchanga mwaka 2015: huchimbi bila kibali, na sehemu ya ushuru inarudi kuutunza mto. Wao walishtuka mapema kwa sababu mito yao ni ya msimu. Kiangazi juu pakavu, maji yamelala chini ya mchanga, mama anafukua kwa kibuyu mpaka ndoo ijae. Ukiuza mchanga ule umeuza tangi lako. Sisi huku tuna bomba, ndiyo maana tunauona mto kama stoo ya vifaa vya ujenzi.

Naunga mkono ushuru wa namna hiyo, japo najua utapandisha bei ya tofali, na atakayepandishiwa kodi ya chumba ni mpangaji wa Mbagala, siyo mwenye ghorofa. Hapo hoja yangu inachechemea, nakiri. Kuna wanaosema tuhamie vumbi la mawe kutoka Lugoba. Sawa, lakini na kule ni vilima vinavunjwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Kila anayejenga anachota kwa mtu.

Kwa hiyo mnaosema tujenge kwanza mazingira baadaye, nijibuni hili moja tu: yule mwenye choo kinachoning'inia alipwe na nani? Mwenye lori, halmashauri iliyochukua ushuru wake, au mimi niliyekwishapiga lipu na kuhamia?