Nimeombwa wasifu wa maneno 100, niandike nini?

Mfua shaba, Katuba
Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mfua shaba hapa Lubumbashi. Picha zangu nne za shaba zitawekwa kwenye maonyesho, na waandalizi waliniomba wasifu wa maneno 100 wa kuchapa kwenye kijitabu. Nilikesha siku mbili. Nikaanza na tarehe ya kuzaliwa, kijiji cha baba, ubatizo, shule, diploma, ndoa, watoto sita, mpaka namba ya kadi ya mpigakura. Karatasi mbili. Wamenirudishia: "Papa, hii si wasifu." Basi, hakuna maelezo. Nimeumia, maana kila neno pale ni kweli. Au wanataka nijisifu? Baba alitulea kwamba kazi ya mtu isifiwe na wengine.

Mwalimu, Bukavu
Papa, pole. Ulichoandika ndicho tunachosoma kwenye kilio: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, ameacha watoto sita. Pale ni mahali pake, watu wamekuja kuyaaga maisha yote. Wewe nyundo bado iko mkononi. Anayesimama mbele ya shaba yako ana nusu dakika, anataka kujua huyu ni nani, anafanya nini, alijifunzia wapi. Ubatizo haumjibu. Diploma na tarehe zake ni za CV, zinamhusu mwajiri. Namba ya kadi usiiweke kwenye karatasi yoyote ya kuchapwa, tafadhali sana.

Kuhusu kujisifu: wasifu na sifa ni mzizi mmoja, na sifa ya kitu ni vile kilivyo. Tunasema sifa ya shaba ni kupitisha umeme, na hakuna anayeona shaba imejisifu. "Fundi hodari kuliko wote" hilo waachie wengine. "Anafua shaba tangu mwaka fulani" ni sifa yako, iandike. Na uandike kwa "yeye", kwa kuwa kijitabu ndicho kinachokutambulisha kwa wageni.

Dada wa vitenge, Kamalondo
Kwenye WhatsApp ya biashara mimi naandika "ninauza", mistari miwili tu, maana pale naongea na mteja mwenyewe. Lakini Papa, watoto usiwafute wote. Kama kuna mmoja mnayefanya naye kazi, huyo anaingia.

Mfua shaba, Katuba
Asanteni, wanangu. Nimeandika upya:

"Anafua shaba Katuba tangu 1997, mwaka ambao jimbo liliacha kuitwa Shaba likarudia jina la Katanga. Alijifunza kwa mjomba wake, aliyemwachia kung'arisha mabamba mwaka mzima kabla ya kumpa nyundo. Hulipiga bamba kwa nyuma mpaka sura itokeze mbele. Picha zake nyingi zina misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya Katanga kabla ya ukoloni. Michoro huchorwa na binti yake wa tatu."

Hayafiki 100. Mjomba amefariki, na hakuna picha aliyoifua hata moja iliyowahi kuwekwa kwenye maonyesho. Ningependa jina lake kamili lichapwe. Inaruhusiwa, au wasifu ni wa mtu mmoja tu?

Mwalimu, Bukavu
Inaruhusiwa, Papa. Liweke palepale ulipoandika "mjomba wake". Nafasi ipo.