Kikundi: Barabara ya 12 na Watoto Wake

Shangazi: Asalaam alaykum. Sisi wa Tanga tangu jana hatujui lolote. Kaka anaendeleaje?

Dada: Waalaykum salaam shangazi. Simu ilizima. Majibu ya CT, ile picha ya ndani ya mwili, yametoka. Siyo kiungulia kama tulivyoambiwa mwanzo, ni usaha ndani ya ukuta wa umio.

Mjomba: Umio ndiyo koromeo?

Dada: Chini yake mjomba, ule mrija unaoshusha chakula tumboni. Daktari kanionesha picha. Ukuta umenenepa, na katikati ya huo unene kuna ukanda wa kijivu unauzunguka mrija. Kasema siyo jipu la sehemu moja, usaha umetambaa kwenye nyama ya ukuta wenyewe. Ni adimu mno, yeye alikuwa anausoma tu vitabuni.

Mama Mdogo: Ya Rabi! Umetoka wapi?

Dada: Bakteria. Baba akaulizwa kama alimeza kitu kigumu, kimya. Mama ndiye aliyemtaja yule samaki changu wa Ijumaa.

Shangazi: Si mwiba ulishuka? Mimi mwenyewe nilimwambia ameze tonge bila kutafuna.

Dada: Ndiyo hilo tonge shangazi. Linausukuma mwiba huku unachana. Daktari anahisi vijidudu vilipenya hapo. Na sukari ya damu iko juu, ilisoma 19, mwili ungepigana nao kwa nguvu gani?

Shangazi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Mdogo: Wifi usijilaumu, nani hapa hajamezeshwa tonge?

Mjomba: Au ndizi.

Kaka Mkubwa: Anapasuliwa?

Dada: Bado. Yuko kwenye antibayotiki za mshipa, na insulini. Keshokutwa wanarudia CT. Usaha usipopungua watapitisha kamera mdomoni wautoboe kwa ndani utoke, ikishindikana ndiyo kisu. Wanachoogopa ni ukuta kutoboka, usaha umwagike kifuani. Leo homa imeshuka, 39.4 mpaka 38. Ila mate bado anatema kwenye kopo, kuyameza anasema ni kama kumeza kaa la moto.

Kaka Mkubwa: Bima?

Dada: CT wamelipa. Dawa moja haimo, nimenunua nje. Risiti nakutumia pembeni.

Mjomba: Mimi niko njiani na uji wa ulezi, mwepesi kabisa.

Dada: Mjomba tafadhali! Hata maji hapewi, kila kitu kwa dripu.

Mjomba: Nimeshapita getini.

Dada: Basi niletee mimi. Sijala tangu asubuhi.