Naomba ushauri: saa janja ya duara au ya pembe nne?

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo. Nataka kununua saa janja ila nimekwama kwenye umbo. Simu yangu ni Android kwahiyo Apple Watch, ambayo toka itoke 2015 ni ya pembe nne, hainifai maana yenyewe inataka iPhone. Zimebaki za duara kama Galaxy Watch na Pixel Watch, na za pembe nne kama Redmi Watch.

Mi nauza duka, mikono iko bize muda wote, nataka nisome meseji za malipo na za WhatsApp bila kutoa simu mfukoni. Nimepiga hesabu nikaona kioo cha duara chenye upana wa sm 4 kina eneo la kama sm 12.6 za mraba, cha pembe nne sawa upana huohuo kina 16, yani zaidi ya moja ya tano imepotea na imepotea kwenye kona ambako ndo mistari inaanzia! Nimezijaribu mkononi kule Kariakoo, ya duara inapendeza sana jamani, hata harusini unaivaa, ila zile za maonyesho hazina meseji so sikuona inavyosomeka.

Wenye za duara, meseji ndefu inasomeka vizuri au ni kuskrol tu? Na kwa mkono mwembamba ipi inakaa vizuri zaidi?