Kuripoti ajali kwa simu katika nyumba ya wazee, Malindi

Msimamizi_Malindi: Salaam alaikum. Nyumba yetu ina wazee 22 na zamu tatu. Ajali huandikwa kwenye kaunta buku, na nyingine hatuzijui mpaka mwana aje kumtazama mamake aone jeraha. Wahudumu wana simu za Android, ila mtandao na umeme hukatika. Nianzie wapi?

Fundi_Lamu: Waalaikum salaam dada. Jaribu KoboToolbox, mfumo wa kukusanya taarifa kwa fomu za simu. Fomu unaitunga kwenye kompyuta, wahudumu wanaipakua mara moja kwa programu ya KoboCollect, kisha wanaijaza hata bila mtandao. Maswali yasizidi manane, mengi yawe ya kuchagua: kitandani, bafuni, barazani. Saa ya tukio iulizwe peke yake, maana programu hurekodi saa ya kujaza tu, tena kwa saa ya simu. Simu ikikosea, ripoti nzima inakosea. Fomu nyingi hupotea kwa kuachwa rasimu, kwa hiyo kila mmoja aikamilishe yake, na uwashe utumaji wa moja kwa moja, ambao hutuma zilizokamilishwa tu. Na mtu asifute programu kabla fomu hazijatumwa, zitakwenda nayo.

Muuguzi_Kilifi: Fomu isije ikachukua nafasi ya kupiga simu. Mzee akianguka, msimkimbilie kumwinua. Tazameni kichwa na miguu kwanza: mguu mmoja ukiwa mfupi na wayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika, asisimamishwe. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akigonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anazungumza vizuri, kwa sababu damu huweza kuvuja ndani polepole. Fomu ijazwe baadaye, lakini kabla zamu haijaisha.

Wekeni pia kisanduku cha "nusura", yaani ajali iliyokaribia kutokea, na hiki ndicho ningekipigania. Kwa mfano, insulini imeandikwa "10U", herufi ile ikasomwa sifuri, sindano ikavutwa yuniti 100, mwenzake akaiona kabla haijadungwa. Hakuna aliyeumia, lakini karatasi ile bado iko palepale na kesho itasomwa na mwingine. Neno "yuniti" liandikwe kamili.

Na ondoeni swali la "nani alikosea". Likiwepo, wataficha.

Msimamizi_Malindi: Shukrani sana. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi je, tuendelee kutuma picha za ajali humo?

Fundi_Lamu: Hapana dada. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha ikishaingia kwenye simu kumi huwezi kuirudisha. Kila mzee awe na namba, mfano K-07, na orodha ya majina ikae kwenye kabati lenye kufuli.

Muuguzi_Kilifi: Kila wiki pangeni ripoti kwa saa na mahali. Kuanguka kukirundikana alfajiri njia ya bafuni, anzeni na taa ya betri, chuma cha kushikia, na kandambili zilizolika nyayo zibadilishwe. Halafu waambieni wahudumu kilichobadilishwa kwa ripoti zao. Wasiposikia lolote, mwezi wa pili hamtapata fomu hata moja.